Teknolojia mpya ikibisha hodi mtaani: namna ya kuitisha baraza la wakazi Mombasa, kuanzia swali la kwanza hadi barua ya mwisho

Kikao cha kwanza nilichosaidia kukiandaa kilifanyika katika ukumbi wa hoteli upande wa Nyali, siku ya Ijumaa, saa nane mchana. Viti vilivishwa vitambaa vyeupe, skrini ikawashwa, na mgeni wetu akazungumza dakika 45 kwa Kiingereza kuhusu mtambo uliokusudiwa kuwekwa ufuoni Likoni. Wavuvi tuliowaalika walikuwa wanne. Wawili walicheleweshwa na feri, na wote wanne walikaa safu ya nyuma kabisa. Mwishoni mshereheshaji akauliza kama kuna swali. Kimya. Taasisi iliyotutuma ikaandika kwenye ripoti yake kwamba jamii imeshirikishwa na haina pingamizi.

Jioni ile, tukivuka kurudi Likoni, mmoja wa wale wavuvi alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hicho chombo kitamwaga nini, na kitamwagia wapi?" Hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa mchana kutwa, na nilikuwa nimemweka mwenye nalo mahali ambapo hangeweza kulitoa. Niliona haya. Tangu siku hiyo nimejifunza kuandaa mabaraza kwa njia nyingine, na ndiyo nitakayoieleza hapa. Nawaandikia viongozi wa vikundi vya wavuvi na vya kina mama, maimamu na wachungaji, wanafunzi wa vyuo, wazee wa mtaa, na watafiti wanaotaka kusikia watu badala ya kukusanya sahihi zao.

Mfano nitakaoshikilia toka mwanzo hadi mwisho ni mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mombasa ina kiu ya miaka mingi. Maji yetu ya mfereji husafiri kutoka mbali, mengine chemchemi za Mzima, mengine visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na sehemu nyingi za mji visima vina chumvi. Ndiyo maana fikra ya kunywa bahari inarudi kila baada ya muda. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa kamera zinazotambua sura, mbegu zilizobadilishwa jeni, chanjo mpya au programu za akili unde.

Kwanza kabisa, wahi

Mwaka 1980 msomi wa Uingereza, David Collingridge, alieleza tatizo ambalo kila mtu wa sera za sayansi hukutana nalo. Teknolojia ikiwa changa ni rahisi kuielekeza, lakini madhara yake bado hayajaonekana. Yakishaonekana, teknolojia imeshaota mizizi: fedha zimetumika, watu wameajiriwa, saruji imekauka.

Sisi hatuhitaji kwenda Uingereza kuliona hilo. Twende Owino Uhuru, Changamwe. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kuyeyusha madini ya risasi lilikuwa jambo la kale duniani, lakini kwa Owino Uhuru lilikuwa geni, na hakuna aliyewakalisha wakazi akawaambia moshi ule umebeba nini. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani humo, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake kupatikana na sumu ya risasi mwilini. Alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaitengua, na ni Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliporudisha haki ya wakazi. Hesabu miaka hiyo. Baraza la muda wa saa tatu kabla ya kiwanda kuwasha tanuri lingewagharimu mikeka na birika la chai.

Kwa hiyo ukisikia fununu ya mradi, usingoje mabati ya kuzungushia kiwanja. Anza wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Jua ni uamuzi gani, na uko mezani kwa nani

Watu wengi huitisha baraza "kuhusu teknolojia". Baraza la namna hiyo huishia hewani. Lazima kuwe na uamuzi ambao bado haujafanywa na mtu mwenye mamlaka ya kuufanya. Uliza: ni leseni, ni zabuni, ni sheria ndogo ya kaunti, au ni utafiti unaoomba kibali?

Kwa mtambo wetu, huduma ya maji iko mikononi mwa kaunti, na leseni ya mazingira hutolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mambo ya jeni yako chini ya mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Usalama wa Viumbe ya 2009. Utafiti wowote wa kisayansi unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyoundwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Kinachogusa sura, macho, alama za vidole au namba za simu za watu ni cha Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa sheria ya 2019. Usidharau hili la mwisho. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni kupigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin ili wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa ipasavyo. Swali la "mmefanya tathmini?" lingeweza kuulizwa na mtu yeyote pale foleni ilipoanzia.

Ukishajua uamuzi, andika swali la baraza kwa sentensi moja ambayo jibu lake linaweza kubadilisha kitu. "Mnaonaje maendeleo?" ni swali bovu. "Mtambo ukijengwa, uchote maji wapi, umwage wapi, na maji yake yauzwe kwa nani na kwa bei gani?" ni swali lenye meno. Usisahau pia kuweka mlangoni swali kubwa kuliko hayo: je, mtambo huu ndio tunaouhitaji, au kuna njia nyingine ya kupata maji, kama kuziba mabomba yanayovuja? Wataalamu wengi hupenda kuruka hapo wakaanzia "utajengwaje". Watu wana haki ya kuanzia "kwa nini".

Hatua ya 2: Yapate makaratasi

Baraza lisilo na makaratasi ni la kubahatisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaweka utaratibu: ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, kuliwasilisha hakulipiwi, na afisa anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsaidia ombi lake liandikwe. Ukinyimwa au ukipuuzwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki katika Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman.

Andika kwa Kiswahili. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wakikaa wiki mbili wakitafuta mtu wa kuwanyooshea Kiingereza, na wiki mbili hizo ndizo zilizobaki. Barua fupi yatosha:

"Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa Mtongwe. Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya: (1) ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi uliopendekezwa wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, (2) ramani inayoonyesha bomba la kuchotea na bomba la kumwagia, (3) makubaliano yoyote ya bei kati ya kaunti na mwekezaji, (4) kumbukumbu za mikutano yoyote iliyokwisha kufanywa na wakazi. Naomba nakala hizo kwa njia ya barua pepe au karatasi. Nitagharimia fotokopi inapobidi."

Ipeleke kwa mkono. Beba nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikwambia muhuri uko kwa bosi aliyetoka, keti umngoje bosi. Siku 21 huanza kuhesabiwa kwa ule muhuri.

Ile namba (4) ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zilimtaka mwenye mradi unaohitaji ripoti kamili abandike matangazo, atangaze gazetini na redioni, na aitishe angalau mikutano mitatu na wanaoathirika. Mara nyingine utakuta mikutano hiyo imeshaandikwa kuwa ilifanyika, na majina ya watu wako yamo.

Hatua ya 3: Chagua watu kwa haki

Ukibandika tangazo tu, watakuja wale wale: wanaojua vikao, wenye muda, na wanaotaka kuonekana na mheshimiwa. Mwaka 1987 Wadenmaki walianza utaratibu wa kukutanisha watu wa kawaida, wasio wataalamu, wakapewa muda wa kusoma na kuwahoji wanasayansi kuhusu teknolojia ya jeni, kisha wakaandika maoni yao wenyewe. Utaratibu huo ulienea kwa sababu ulithibitisha jambo moja: fundi cherehani akipewa makaratasi na siku mbili za kuuliza, anauliza vizuri.

Kaunti yetu ina wadi 30 na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Huwezi kuwaita wote. Chukua watu 24 hadi 30. Nusu wachaguliwe kwa kura: zunguka na mzee wa mtaa, pata majina ya wanaotaka kushiriki, andika vikaratasi, tia ndani ya kapu, mtoto avute mbele ya watu. Nusu nyingine wachague kwa makusudi, maana kuna watu ambao kura haiwezi kuwafikia lakini mradi utawafikia. Kwa mtambo wetu ni wavuvi wa madema na wa jarife, kina mama wanaopekua pweza mwambani, vijana wa mikokoteni ya maji ambao riziki yao ni jerikeni, mama mwenye kibanda cha chakula anayenunua maji kila siku, na mtu mwenye ulemavu. Kwa kamera za kutambua sura, orodha ingekuwa nyingine kabisa: wachuuzi wa Kongowea, vijana wa maskani wanaokamatwakamatwa, wanawake wa buibui na nikabu.

Kuhusu nauli. Lipa, na lipa sawa kwa wote, na tangaza kiasi kabla ya siku. Mvuvi akija kwako ameacha samaki baharini. Ila usimpe mtu bahasha mlangoni akitoka, kwa siri, kiasi tofauti na cha mwenzake. Hapo umelizika baraza lako, na mtaa mzima utajua kabla ya Magharibi.

Hatua ya 4: Ilete sayansi kwa Kiswahili cha nyumbani

Hapa ndipo ninapowaomba watafiti wasome polepole.

Mtambo wa kisasa wa kuondoa chumvi husukuma maji ya bahari kwa nguvu kubwa dhidi ya kitu chembamba sana chenye matundu madogo mno, maji yakapita na chumvi ikabaki. Tulijaribu kukiita "utando". Bibi mmoja wa Mtongwe akasema utando ni wa buibui, utachuja nini? Tukasema "chujio", wakafikiria chujio la chai. Ni bibi huyo huyo aliyetuokoa: "Si mseme kifumbu!" Na kweli. Ukikamua nazi kwa kifumbu, tui linapita na machicha yanabaki. Kuanzia hapo kila mtu aliuelewa mtambo, na maswali yakaanza kumiminika, kwa sababu kila anayekamua nazi anajua kwamba lazima uamue pa kuyapeleka machicha.

Kisha eleza mfano unapoishia, usiuache ukadanganya. Machicha ya mtambo huu ni maji pia: ukichota jerikeni 100 za bahari, unapata takriban 40 za kunywa, na 60 zinarudi baharini na chumvi yote, zikiwa na ukali wa zaidi ya mara moja na nusu ya bahari ya kawaida. Nguvu ya kukamulia nayo inashinda mkono wa mtu yeyote, ni zaidi ya mara 20 ya upepo wa tairi la gari dogo, na nguvu hiyo ni stima. Jerikeni 50 za maji, yaani lita 1,000, hula takriban uniti 3 hadi 4. Mama mwenye kibanda akishasikia uniti, ataifanya hesabu ya bei mwenyewe wala hutahitaji mchoro wowote.

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya baraza, keti na mtaalamu wako na watu watatu wa mtaa. Kila neno analotumia, waulize watatu hao wamesikia nini. Andika maneno yanayokubalika kwenye karatasi moja, na siku ya baraza mtaalamu ashikamane nayo. Mwambie pia atenganishe mambo matatu: tunayoyajua, tunayoyakisia, na tusiyoyajua. Wataalamu huogopa hilo la tatu wakidhani watu watawadharau. Nilichoona mimi ni kinyume. Mtu wa pwani amezoea bahari, na anayejidai kuijua yote ndiye anayemtilia shaka.

Halafu kuna uvumi. Tuna neno la kale, mumiani, la wale wanaosemekana kuwavizia watu na kuwanyonya damu, na kila kinapokuja kifaa kigeni neno hilo hufufuka. Pale Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, kilichoanza 1989, kilikutana na uvumi wa damu kwa miaka, kwa sababu utafiti wa malaria na magonjwa ya watoto unahitaji damu kweli. Walichofanya ni pamoja na kuwa na wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wakazi, wa kupeleka maswali ndani na kurudisha majibu nje. Kazi ya namna hiyo imeandamana na utafiti wa chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa kwa majaribio Septemba 2019 na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021.

Ukisikia uvumi, usimkemee msemaji. Chimba ndani yake. "Wanauza damu" mara nyingi maana yake ni: damu ya mwanangu imekwenda wapi, nani alikubali, na nani anafaidika? Hayo ni maswali halali ya maadili ya utafiti, na kamati yoyote ya maadili inapaswa kuyajibu.

Hatua ya 5: Mahali na saa

Fupi tu. Achana na hoteli. Ukumbi wa jamii, uwanja wa madrasa, kivuli cha mwembe, popote mtu anapoweza kuingia na kandambili bila kuangaliwa miguu. Epuka Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi. Angalia mwezi: siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakipwa asubuhi, kina mama wa pweza wako mwambani na huwapati. Kama watu watatoka pande zote mbili za feri, fanyeni upande wa wale wenye taabu zaidi kufika. Tandika mikeka kwa duara. Hakuna meza kuu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kabla mtu hajakaa, kuna karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo ni hatari. Nimeona kurasa za sahihi zikiambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba wakazi waliukubali mradi. Juu ya kila ukurasa andika kwa herufi kubwa: SAHIHI HII NI YA KUHUDHURIA TU. SI KUKUBALI WALA KUKATAA MRADI. Piga picha ya kurasa zote mbele ya watu, nakala moja ibaki kwa mzee wa mtaa. Asiyetaka kuandika namba yake ya simu asilazimishwe, na picha za nyuso zipigwe kwa ridhaa.

Saa ya kwanza, wakazi wazungumze na mtaalamu anyamaze. Wakae vikundi vya watu watano au sita, wanawake wakitaka wakae peke yao, wasimulie wanavyoishi na jambo lenyewe: maji wanayapata wapi, wanalipa ngapi, samaki wako wapi mwezi gani. Mheshimiwa akifika, akaribishwe kwa heshima zake zote akae mkekani, na azungumze wa mwisho. Mwombe hivyo siku kadhaa kabla, kwa adabu, usimshtukize mbele ya watu. Akizungumza wa kwanza, kila atakayefuata atakuwa anampinga au anamsifu, na baraza limegeuka siasa.

Saa ya pili, mtaalamu aeleze kwa dakika 15, kisha ahojiwe. Ukiweza lete wawili wasiokubaliana. Mombasa tuna bahati hapo: makao makuu ya taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, yako Mkomani, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Hukosi mtu wa bahari na mtu wa mitambo.

Nisimulie kipande kimoja nilichokishuhudia. Injinia, kijana mwema aliyejiandaa vizuri, alieleza kuwa maji ya chumvi kali hayatadhuru kwa kuwa mkondo utayatawanya. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa ameegemea nguzo, wavu wake mguuni akiushona muda wote, hakuinua uso. Akauliza: "Mkondo wa bamvua au wa maji mafu?"

Injinia akamtazama. "Sijakuelewa, mzee."

Mzee akaweka sindano chini. Akaeleza kwamba siku za bamvua maji yanakwenda kwa kasi hata nanga inaburura, lakini siku za maji mafu pale mahali yanalala, unaweza kutupa jani ukalikuta palepale. Na wakati wa kusi hayaendi kama wakati wa kaskazi. "Sasa hayo yenu mazito yakimwagwa siku za maji mafu, si yatakwenda chini yakakaa na pweza?"

Ni kweli kwamba maji yenye chumvi nyingi ni mazito na huzama. Injinia akafungua karatasi zake, akageuza kurasa, akasema hesabu yao ilitumia wastani wa mwaka, na kwamba wastani huo haukuzitenga siku za maji mafu. Alilisema hilo mbele ya watu wote, na nilimheshimu kwa hilo. Wahenga wamesema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na siku ile methali ilikaa mkekani na sindano ya wavu mkononi.

Mambo kama haya yamewahi kugharimu watu. Mwaka 1986, baada ya ajali ya Chernobyl, mvua yenye mionzi ilinyesha kwenye malisho ya kondoo huko Cumbria, Uingereza. Serikali ilitangaza kwamba katazo la kuuza kondoo lingedumu wiki tatu. Makisio ya wanasayansi yalitokana na udongo wa mfinyanzi, na udongo wa milima ile ni mboji yenye asidi, ambayo haishiki mionzi kwa namna ile ile. Wafugaji walioijua ardhi yao hawakusikilizwa, kama alivyokuja kuonyesha mtafiti Brian Wynne. Vizuizi vya mwisho viliondolewa mwaka 2012.

Saa ya tatu, vikundi virudi viandike masharti: tunakubali kama..., tunakataa kama..., tunataka kujua kwanza.... Usilazimishe kauli moja. Wachukuzi wa mikokoteni na kina mama wa vibanda hawatakubaliana kuhusu bei ya maji, na si lazima. Waraka unaoonyesha nani anataka nini na kwa nini una nguvu kuliko ule unaodai umoja usiokuwepo. Mwandishi asome kila sharti kwa sauti kabla ya watu kuondoka, na aliyelisema aseme "ndivyo" au asahihishe.

Hatua ya 7: Barua iende kwa anayelazimika kujibu

Andika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni masharti na maswali, yamepewa namba. Wa pili ni maelezo ya nani walikuwepo, walichaguliwaje, na walisoma nini. Lile la mzee liliandikwa hivi: "3. Kabla ya leseni, mwenye mradi apime mwendo wa maji mahali pa kumwagia siku za maji mafu na siku za bamvua, kwenye kusi na kwenye kaskazi, na wavuvi wawili wa eneo wawepo wakati wa kupima." Kwa namna hiyo, maarifa ya baharini yanageuka kuwa jambo ambalo afisa lazima alijibu.

Peleka NEMA ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo la mradi. Peleka kaunti kama ombi rasmi, kwani Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa wakazi haki ya kuiandikia serikali ya kaunti na bunge lake maombi, na kifungu cha 37 cha Katiba kinasimama nyuma yake. Nakala kwa mwakilishi wa wadi. Muhuri kila mahali. Kisha nendeni redioni: Pwani FM, Radio Rahma, Radio Salaam, na mzungumze ninyi wakazi, mkiyataja masharti kwa namba zake.

Leseni ikitolewa huku maswali yenu yakiwa yamepuuzwa, Baraza la Rufaa za Mazingira lipo, na muda wa kukata rufaa ni siku 60. Msilione dogo Baraza hilo. Wakazi wa Lamu waliupinga huko mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na Juni 2019 leseni ilifutwa, sababu kubwa ikiwa ushirikishwaji wa umma haukufanywa ipasavyo. Waliokuwa wameweka kumbukumbu za nani aliambiwa nini, lini, ndio waliokuwa na cha kuonyesha.

Hatua ya 8: Rudi mtaani

Wengi huishia kwenye barua. Siku ya baraza tangaza tarehe ya kurudi, na siku hiyo urudi hata kama huna jibu, useme huna jibu.

Sisi tulirudi baada ya wiki tano, mikeka ile ile. Majibu yalikuwa yamefika, kurasa tatu za Kiingereza. Tulizitafsiri usiku kucha, na mwanafunzi mmoja akazisoma namba kwa namba. Ya 1 ilijibiwa. Ya 2 ilijibiwa nusu. Kisha akasoma: "Ya 4." Yule mzee akainua mkono.

"Rudi nyuma, mwanangu. Ya 3 iko wapi?"

Kijana akageuza karatasi, akaangalia mbele na nyuma. Haikuwepo. Bibi wa kifumbu akasema kalamu iletwe, na barua ya pili tukaianza kuandika palepale, chai ikiwa bado haijamiminwa.